Picha ya ndege ya Babu, na nakala za "ubora wa makumbusho"

Mama alinipigia simu Jumapili moja jioni kutoka Ujiji. Shikamoo, marahaba, za huko, mvua zimeanza? Halafu akaingia kwenye hoja yake. Sebule imeshapigwa rangi, makochi yameshafika, ukuta unaotazama mlango uko mtupu. "Sasa mwanangu, wewe si uko mtandaoni kutwa nzima? Nitafutie picha. Ile ya ndege, kama ya babu yako."

Picha ya Babu naijua kwa kusimuliwa kuliko kwa kuiona. Babu alikuwa kibarua bandarini Kigoma, na miaka ya 60 aliinunua kwa Mkongo mmoja aliyevuka ziwa na mizigo yake. Ndege wawili wa shingo ndefu, nyoka kati yao, samaki chini, na nyuma yao vitone vidogo vidogo vilivyojaa kila mahali kama manyunyu. Haikuwa na sahihi. Ilikaa ukutani miaka mingi, juu ya redio, ikifunikwa kitambaa cha kufuma siku ambazo hakuna mgeni. Mimi nilipokuwa darasa la pili mchwa wakapanda kutoka chini ya sakafu wakaimaliza kwa nyuma. Siku Babu anaigusa ili aipanguse, kikabaki kioo na rangi iliyosimama kama ganda.

Basi nikaingia mtandaoni. Na kweli, ukitafuta picha za wachoraji wa Kongo na wa kwetu unakutana na maduka mengi yanayouza kitu kinachoitwa nakala ya ubora wa makumbusho, ndani ya fremu, tayari kutundikwa. Moja ilifanana sana na maelezo ya Mama: ndege, nyoka, vitone. Bei yake, pamoja na kusafirisha hadi Dar, ilizidi laki nne. Nilikuwa nimeshaanza kujaza anwani. Kilichonisimamisha ni kazi yangu ya kila siku: nasoma shahada ya uzamili katika kemia, na maabara yetu inashughulika na namna rangi zinavyoharibika. Nikajiuliza, ubora wa makumbusho ni ubora gani? Makumbusho yapi? Na huyu muuzaji kaipataje picha ya huyu mchoraji?

Maswali hayo matatu yamenila mwezi mzima, na kwa kuwa nilikuwa natafuta picha ya ukuta wa Ujiji, yalinirudisha Ujiji kwenyewe.

Picha maarufu kuliko zote kuhusu mji wetu ni nakala, na nakala hiyo haina picha asilia. Nazungumzia ile ya Stanley na Livingstone wakivuliana kofia katikati ya umati. Stanley aliandika kwamba walikutana 10 Novemba 1871, ingawa tarehe zake na zile za Livingstone mwenyewe hazipatani. Siku hiyo hapakuwa na kamera Ujiji wala mchoraji. Picha ilitengenezwa London mwaka uliofuata, kwa kufuata maelezo ya Stanley, na Agosti 1872 wasomaji wa gazeti la picha la Illustrated London News walikuwa nayo mikononi. Mwaka huohuo kitabu cha Stanley kikatoka na picha yake ya tukio lilelile.

Namna zilivyotengenezwa ni somo zuri la uhandisi. Mchoro ulichorwa juu ya kipande cha mti mgumu sana, uliokatwa kwa kukingama ili kisu kipite bila kufuata nyuzi za mti. Mchongaji alitoa sehemu zote zinazotakiwa kuwa nyeupe, zinazobaki juu zikapakwa wino. Miti hiyo haina vigogo vinene, kwa hiyo picha kubwa ya gazeti ilitengenezwa kwa vipande kadhaa vilivyobanwa pamoja kwa skrubu. Habari ikiwa ya haraka, vipande vilifunguliwa, kila mchongaji akapewa chake, kisha vikaunganishwa tena. Ukiangalia picha za magazeti ya zama hizo kwa makini, mara nyingine utauona mstari mweupe mwembamba pale vilipokutana. Yaani inawezekana kabisa mkono wa mtu mmoja katika picha ulichongwa na fundi huyu na bega lake na fundi mwingine, wote wakiwa hawajawahi kuiona Ujiji.

Nakala hiyo ndiyo iliyokuja kutawala. Ukienda leo kwenye makumbusho ya Livingstone pale Ujiji, karibu na jiwe la ukumbusho na miembe inayosemekana ni uzao wa ule mwembe wa zamani, utawakuta hao wawili kama sanamu za ukubwa wa binadamu, mkao uleule wa kwenye karatasi. Picha ilitoka London, ikarudi Ujiji ikageuka kuwa ushahidi wa kilichotokea Ujiji. Watu kama Susi, aliyekuwepo siku ile na ndiye aliyekimbia kumpa Livingstone habari za mgeni, wakabaki sehemu ya umati. Susi na mwenzake Chuma walifika Uingereza mwaka 1874 na walipigwa picha kwa kamera. Nyuso zao zipo. Lakini picha hizo hazikupata kuwa kalenda wala sanamu.

Kwa hiyo tangu mwanzo, kwetu, suala la nakala lilikuwa ni nani anaitengeneza na inasambazwa kwa njia gani. Karne ya 20 njia zikabadilika. Reli ya Kati ilifika Kigoma Februari 1914, kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam. Meli iliyotengenezwa Papenburg, Ujerumani, ikaja vipandevipande ndani ya masanduku ikaungwa Kigoma. Ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Ng'ambo ya ziwa, Wabelgiji walikuwa na reli yao inayoingia ndani ya Kongo kutoka Albertville, ambayo leo ni Kalemie. Kwa mkataba wa 1921 Ubelgiji ilipewa maeneo yake ya bandari Kigoma na Dar es Salaam kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Wazee wa mjini bado wanayaita Belbase. Mizigo ya Kongo ikashuka Kigoma, ikapanda treni, ikaishia baharini. Babu alibeba mizigo hiyo mgongoni.

Na ndani ya mizigo, au chini ya makwapa ya abiria, zilikuwemo picha.

Mwaka 1946, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya uchoraji Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ilijulikana kama Hangar. Sharti lake lilikuwa wanafunzi wasifundishwe kuiga picha za Ulaya, kila mmoja achore anachokikumbuka na anachokijua. Unaweza kubishana naye, maana Mzungu anayemkataza Mwafrika kujifunza mbinu za Kizungu naye anafanya maamuzi kwa niaba ya mwingine. Ila matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Bela Sara alichora kwa ncha za vidole bila brashi. Mwenze Kibwanga alijenga kila kitu kwa mistari mifupi mifupi iliyolala upande. Na Pilipili Mulongoy, aliyezaliwa 1914 na kufariki 2007, alichora ndege, nyoka na samaki wakiwindana, huku nyuma yao pamejaa nakshi ndogondogo. Nilipoona kazi za Pilipili kwa mara ya kwanza nilimtumia Mama picha kwenye simu. Akajibu kwa sauti, "Ndiyo hiyo! Ila ya baba ilikuwa na ndege wawili."

Sisemi kwamba Babu alikuwa na mchoro wa Pilipili ukutani. Sidhani, Babu hakuwa na hela hiyo. Mtindo wa watu wa Hangar uliigwa haraka na wachoraji wengine waliowauzia wapita njia, na picha zao zikasafiri. Watafiti wa sanaa ya Tanzania wanaeleza kwamba miaka ya 60 picha za Wakongo zilikuwa zikiuzwa mitaani Dar es Salaam, na kwamba mtu mmoja kutoka Tunduru, aliyekuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge Tanga na baadaye majumbani mwa watu Dar, alizitazama akaona na yeye anaweza. Mtu huyo ni Edward Saidi Tingatinga. Zilifikaje Dar? Hapa naongea kama mtoto wa Kigoma na siyo kama mtafiti: kati ya Kongo na Dar njia ya reli ilikuwa moja, na inaanzia nyumbani.

Tingatinga alianza kuchora karibu na 1968. Hakuwa na kitambaa cha turubai wala rangi za wasanii. Alitumia hadibodi, zile mbao za dari, akazikata mraba wa sentimita 60 hivi kila upande, na rangi ya mafuta inayong'aa, ile ya kupakia baiskeli. Alizitundika Morogoro Stores, Oysterbay, ambako Wazungu walifanya manunuzi. Zikanunuliwa. Akawaita ndugu zake wajifunze: Ajaba Abdallah Mtalia, Simon Mpata, January Linda na wengine. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi Dar es Salaam. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Sasa angalia kilichofuata, kwa sababu ndicho kiini cha habari ya nakala. Wanafunzi wake hawakuacha. Walichora chui yuleyule, ndege yuleyule, kila mmoja kwa mkono wake, kisha wakafundisha wengine, hadi ikaundwa jumuiya ya ushirika inayofanya kazi mpaka leo. Kwao kurudia picha ya mwalimu haikuwa wizi, ndivyo ufundi unavyopokezanwa, kama fundi seremala anayetengeneza kitanda cha muundo wa bwana wake. Mnunuzi anayeuliza "hii ni asilia au nakala?" anauliza swali lisilokaa sawasawa. Kila moja imechorwa na mtu aliyekaa chini na kopo la rangi. Kila moja ni ya pekee, na kila moja ni ya mia.

Kule Katanga mambo yalikuwa hivyohivyo, tena kwa Kiswahili. Miaka ya 70 watafiti Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian walikuta nyumba za wafanyakazi wa migodini zimejaa picha zilizochorwa juu ya kitambaa cha magunia ya unga: kiboko ikipigwa mbele ya afisa wa Kibelgiji, Lumumba, nguva wanayemwita mamba muntu. Wenyewe walikuwa na neno la kundi la picha kama hizo za mambo yaliyopita: ukumbusho. Mchoraji alichora ileile mara nyingi, kwa kadiri ya wateja. Mmoja wao, Tshibumba Kanda Matulu, alimchorea Fabian picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia yote ya nchi yake, akizieleza moja moja kwa Kiswahili cha Katanga huku kinasa sauti kikizunguka. Picha hizo ziko Amsterdam, kwenye makumbusho yaliyoitwa Tropenmuseum hadi 2023. Mapema miaka ya 80 Tshibumba mwenyewe alipotea na hakuonekana tena.

Ukumbusho na makumbusho ni mzizi mmoja, na lugha yetu imenifanya nicheke peke yangu maktaba. Ukumbusho ulikuwa ukutani kwa mchimba shaba, ukipigwa na moshi wa jiko. Ulipoingia makumbusho, ukawekewa hewa ya kupimwa na mwanga hafifu, na mtu wa Ujiji anayeutaka sasa anauziwa "ubora wa makumbusho". Ngoja sasa tuone huo ubora una nini ndani yake.

Jina hilo halilindwi na sheria. Hakuna cheti wala mkaguzi, na mwenye printa ya dukani anaweza kuliandika kwenye bango lake kesho asubuhi. Lililosaidia kulieneza ni teknolojia ya miaka ya 90. Kulikuwa na printa kubwa zilizoitwa Iris, zilizobuniwa kwa ajili ya viwanda vya uchapaji kuonea rangi kabla ya kuchapa kazi kamili. Karakana ya Nash Editions huko California ikaanza kuzitumia kuchapa picha za sanaa. Mwaka 1991 Jack Duganne, mchapaji wa hapo, alitaka jina lisilonuka ofisi, akachukua neno la Kifaransa linalohusu kurusha maji kwa kasi, akaunda giclée. Jina tamu, lakini wino wa awali wa mashine zile ulikuwa ukififia ndani ya miaka michache tu ukikaa kwenye mwanga. Watu walilipa pesa nyingi kununua machweo yaliyokuwa yakichwea kwelikweli.

Sababu ni ya kikemia na si ngumu. Wino uko wa aina mbili. Wa kwanza ni rangi iliyoyeyuka, molekuli zake zimetawanyika moja moja kama chumvi kwenye mchuzi. Wa pili ni punje ndogo zisizoyeyuka, kila punje ikiwa na molekuli nyingi mno zilizoshikana. Mwanga ukigonga molekuli ya rangi unaweza kuvunja kile kifungo cha kemikali kinachoipa rangi yake. Katika wino ulioyeyuka kila molekuli iko peke yake mbele ya adui. Katika punje, zile za nje zinakufa kwanza zikizikinga za ndani. Ndiyo maana picha yenye wino wa punje inadumu zaidi, na ndiyo sababu nguo yako nyeusi ya mtumba inageuka kahawia kwenye kamba wakati geti lililopakwa rangi ya mafuta bado linaonekana.

Makumbusho yanaijua habari hii, kwa hiyo kazi za karatasi zinazodhurika kirahisi huonyeshwa kwenye mwanga wa lux 50 tu. Lux ni kipimo cha mwanga unaoangukia mahali. Nje, saa sita mchana kwetu, jua linafika lux 100,000. Tupige hesabu ndogo. Makumbusho ikiwasha taa saa 8 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, picha inapokea 50 × 8 × 300, yaani lux-saa 120,000. Nilimwomba mdogo wangu apime ukuta wa Mama kwa programu ya simu (siyo kipimo cha maabara, lakini inatupa mwelekeo). Akapata kama 500 mchana wa kawaida. Tuseme saa 10 kwa siku, siku 365: lux-saa 1,825,000. Mwaka mmoja wa sebuleni ni kama miaka 15 ya makumbusho.

Na hapo sijahesabu jua lenyewe. Ziwa letu liko magharibi. Nyumba nyingi za Ujiji na Kigoma zikitazama ziwa, kuanzia saa kumi jioni jua linaingia dirishani moja kwa moja likielekea kushuka nyuma ya milima ya Kongo. Ni mwanga mzuri kuliko wote duniani, na ni sumu. Saa moja ya jua kwa siku, hata tukilikadiria lux 50,000 tu, kwa mwaka ni lux-saa 18,250,000. Hiyo ni zaidi ya miaka 150 ya makumbusho. Kioo cha kawaida hakisaidii sana, kinazuia sehemu kali zaidi ya mionzi ya urujuanimno na kupitisha nyingi iliyobaki. Vipo vioo maalumu vinavyozuia karibu yote, lakini hata mwanga unaoonekana kwa macho nao unafifisha, polepole.

Kuhusu karatasi nitakuwa mfupi. Ya bei nafuu inatengenezwa kwa massa ya mti yenye lignini, inageuka njano na kuwa na asidi. Ya pamba haina tatizo hilo. Unyevu ndio mkubwa kwetu: mvua za Novemba hadi Aprili, nyumba inafungwa, hewa ikizidi unyevu wa asilimia 65 au 70 kwa muda mrefu, kuvu wanaanza. Karatasi ikigusana na kioo inanata, na ukiibandua rangi inabaki kwenye kioo. Ndiyo kazi ya lile pambizo la kadibodi nyeupe kuzunguka picha ndani ya fremu. Watu wanadhani ni urembo, kumbe lipo ili kuachanisha.

Nilipofika Kigoma likizo nilikwenda kwa fundi fremu mmoja wa Mwanga kumwuliza haya. Akanionyesha kitu ambacho hakimo kwenye makala niliyosoma: anapigilia vipande vinne vya mpira wa kandambili nyuma ya fremu, kwenye pembe, ili isilale ukutani na hewa ipite. "Ukuta wa Ujiji unatoka jasho," alisema. Mgongo wa fremu haweki hadibodi tupu, anatanguliza karatasi nzito. Na mchwa? Alicheka. Fremu anachonga kwa mninga, ambao mchwa hawaupendi, lakini alisema cha kwanza ni kuangalia ukuta kila baada ya wiki, na dawa hiyo haiuzwi. Watengeneza fremu wa makumbusho wana vifaa vya bei mbaya vya kufanya kile alichokifanya huyu fundi kwa kandambili.

Sasa turudi kwa muuzaji. Nilimwandikia maswali manne. Wino ni wa aina gani? Akajibu vizuri, ni wa punje. Karatasi? Pamba, haina asidi. Kioo? Plastiki ngumu yenye kinga ya mionzi. Hadi hapo, kwa haki, nilivutiwa. La nne lilikuwa hili: mmepata ruhusa kwa nani, na familia ya mchoraji inapata nini? Kimya cha siku tisa. Kisha jibu la mstari mmoja, kwamba picha zao zinatoka "kwenye mikusanyo ya umma".

Hapo ndipo panapohitaji uangalifu. Kumiliki mchoro na kumiliki haki ya kuunakili ni mambo mawili. Makumbusho ikinunua picha imenunua kitu, hakimiliki inaweza kubaki kwa mchoraji na warithi wake. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi kwa maisha ya msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Ulaya, nchi nyingi zinatumia miaka 70. Chukua Tingatinga: alifariki 1972, kwa hesabu ya miaka 50 ulinzi wake uliisha na mwaka 2022. Chukua Pilipili: 2007, kwa kipimo hichohicho bado hadi mwisho wa 2057. Na Tshibumba? Mtu asiyejulikana alikufa lini, au wapi, unaanzia kuhesabu mwaka gani? Sheria ina majibu yake kwa hali za namna hiyo, lakini mimi nilikwama kwenye swali lenyewe kwa siku nzima.

Na yule Mkongo wa Babu, asiye na sahihi, hayumo hata kwenye orodha.

Sitaki nieleweke kwamba nakala ni kitu kibaya. Ningependa sana picha za Tshibumba, zikiwa zimechapwa vizuri na kwa ruhusa, zitundikwe shuleni Kigoma. Zinasimulia historia ya ng'ambo ya ziwa letu, maelezo yake yalitolewa kwa Kiswahili, na mwanafunzi wa Ujiji hawezi kupanda ndege kwenda Amsterdam kuzitazama. Kwa kazi hiyo nakala nzuri ya karatasi ya pamba ndiyo njia pekee, na hapo neno makumbusho lina maana. Tatizo langu lilikuwa laki nne zinazotoka mfukoni kwangu zikipita juu ya kichwa cha mchoraji.

Kwa hiyo nilifunga ule ukurasa. Siku iliyofuata nikapanda daladala hadi Oysterbay. Nilimkuta mchoraji mmoja amekaa kwenye kigoda, brashi mdomoni, anamalizia mbuni. Nikamweleza: ndege wawili wa shingo ndefu, nyoka katikati, samaki chini, vitone nyuma. Akaniuliza, "Picha yenyewe unayo nikuigizie?" Nikasema haipo, ililiwa. Akafikiri kidogo. "Basi niambie mama yako anaikumbukaje." Nikampigia Mama palepale, nikaweka simu kwenye spika, wakaongea wao wawili kama dakika ishirini, mimi nikashika kopo. Alibishana naye kuhusu rangi ya nyoka. Bei tulipatana chini ya nusu ya ile ya mtandaoni, na jina lake lipo pembeni chini, mkono wa kulia.

Kitaalamu siwezi kuisifu sana. Ni rangi ya mafuta juu ya kitambaa cha pamba, si karatasi. Rangi hiyo hubadilika njano kadiri miaka inavyokwenda, na sijui alichanganya nini kwenye ile buluu. Hakuna maabara iliyoipima. Nikiipata chembe moja iliyodondoka nitaipima mimi.

Ilisafiri kwa treni ikiwa imeviringishwa ndani ya bomba la plastiki, ikashuka Kigoma pale ambapo, naamini, ile ya kwanza ilipandia upande mwingine. Fundi wa Mwanga akaitengenezea fremu ya mninga na kandambili zake nne. Nilimwandikia Mama ujumbe mrefu wenye hesabu za lux, nikamsihi aitundike ukuta wa pembeni ambako jua la jioni halifiki, na siyo ule unaotazama mlango.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, mgeni akiingia ataionaje? Imekaa pale pale alipotaka. Saa kumi ikifika, anaifunika kitambaa.